Kanuni Sitini na Nne za Mlinzi wa Lango

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha pale ufukweni, nimesimama na viatu mkononi, natazama gari langu likimezwa na bahari. Nililiegesha kwenye mteremko wa kushushia boti bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Mume wangu Craig alikuwa ameshaondoka na karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu, na mbwa. Gari nalo likaona lisibaki nyuma. Hayo ni ya mwaka juzi.

Basi nikabakiwa na vitu viwili tu duniani: kazi yangu ya kaunta hapa maktaba ya Devonport, Tasmania, na Kestamar.

Kestamar ni nchi isiyokuwepo. Ni mchezo wa kuandikiana mtandaoni. Kila anayejiunga anabuni mhusika wake, awe askari, mchawi au muuza samaki, kisha tunaiandika hadithi kwa pamoja: wewe unaandika aya yako, mimi namjibu mhusika wako kwa yangu. Lakini huwezi kuingia hivi hivi. Sharti ujaze fomu ya mhusika, na msimamizi aisome, aidhinishe au akatae.

Msimamizi huyo nilikuwa mimi. Humo ndani nilijiita Mlinzi wa Lango.

Mwanamke aliyepotelewa na mume, mbwa na gari, mpe lango alinde, uone.

Nilizikuta kanuni saba. Nikazifikisha sitini na nne. Ya tisa: mhusika asizidi miaka sitini. Ya thelathini na moja: asiwe na kilema ambacho hakikuletwa na uchawi. Ya hamsini: historia ya maisha yake isipungue maneno elfu mbili. Ya arobaini na mbili ilikataza farasi weupe. Hiyo ya farasi niliiandika siku Craig aliponitumia picha ya karavani likiwa Queensland. Uhusiano wake hata mimi siujui.

Sasa naungama.

Kanuni ya kumi na mbili, niliyoiandika mwenyewe, inasema mtu mmoja, mhusika mmoja. Miezi kumi na minne iliyopita nilifungua akaunti ya pili kwa jina la uongo, kwenye simu ili nisigundulike, nikambuni Orlo, kasisi mlevi aliyefukuzwa hekaluni. Nikajaza fomu. Nikaweka simu chini, nikahamia kiti cha kompyuta, nikaingia kama Mlinzi wa Lango, nikaidhinisha.

Dakika nne. Kuna watu walikuwa wananingoja kwa mwezi wa tano sasa.

Na kibaya zaidi, Orlo akapendwa. Akaanza kuandikiana barua na Mama Ilveth, mjane wa nahodha. Mjane huyo alikuwa mhusika wa Desmond Whitelaw wa Geelong, ng'ambo ya bahari, msimamizi mwenzangu, mtu niliyegombana naye kila siku ya Mungu. Mchana Desmond ananiita dikteta wa fomu. Jioni mjane wake anamwandikia Orlo kwamba amemwachia taa dirishani.

Barua mia moja na kumi. Chini ya mojawapo, nje ya hadithi, yalikuwapo maneno haya: "Sijui wewe unayemwandika Orlo ni nani. Mwaka huu umekuwa mzito kwangu. Barua zako ndizo zinazonitoa kitandani."

Niliisoma mara tatu, mikono ina povu la vyombo. Nilipaswa kusema siku ile. Sikusema. Ningeanzia wapi?

Ndipo Masina akatuandikia. Masina Leota ndiye mwenye Kestamar, nesi wa Auckland, mtu asiyepoteza maneno.

"Jamani, mwaka jana tulikuwa waandishi mia na arobaini. Leo tuko hamsini na wawili. Fomu ishirini na tatu zinaoza kwenye foleni. Jumapili saa tisa alasiri, saa za Tasmania, tunakutana kwa sauti. Kila msimamizi aje na mapendekezo ya kanuni mpya. Na tutapitia kila idhini iliyotolewa: nani aliitoa, lini, na ilichukua muda gani."

Ilichukua muda gani. Dakika zangu nne.

Jumanne yake nikiwa kaunta, Bi Coral Haddow akaniita kutoka kwenye kompyuta za umma. Ana miaka sabini na mmoja na anakuja kila Jumanne.

"Janelle! Njoo mwanangu, mashine hii inanitukana."

"Inakutukana vipi, Bi Coral?"

"Njoo usome mwenyewe."

Nikadhani ni fomu ya pensheni. Kila Jumanne kuna mtu anapigana na fomu ya pensheni. Nikainama.

Kwenye kioo nikaona nembo ya Kestamar. Chini yake nikaona maneno yangu.

"Mpishi mzee asiyesikia harufu? Hii ni hadithi ya vita, si hoteli. Kanuni ya 9, ya 31 na ya 50. Soma kabla ya kutupotezea muda. Mlinzi wa Lango."

"Miezi mitano nimengoja jibu hilo," akasema Bi Coral. "Goti langu jipya lilichukua minne."

Nikajifanya kuisoma tena.

"Wewe unashughulika na watu hapa," akaendelea. "Huyu Mlinzi unadhani ni mtu wa namna gani?"

"Labda ana mambo mengi."

"Ana njaa. Mtu aliyekula akashiba haandiki hivi."

Akanieleza habari za mpishi wake. Bi Coral mwenyewe alipika miaka thelathini kwenye kambi za wakata manyoya ya kondoo, watu arobaini kwa sufuria moja. Miaka mitatu iliyopita aliugua homa, alipopona pua haikurudi kazini. Sasa anaunguza mkate na hajui mpaka king'ora cha moshi kilie. Kwa hiyo akabuni mpishi wa jeshi la Kestamar anayepika kwa masikio.

"Ngoja nikusomee," akasema, akavaa miwani. "'Naweka kitunguu kwenye mafuta, nasikiliza. Kibichi kinapiga kelele. Kikikaribia kuiva kinanong'ona. Kikinyamaza, nimechelewa.'"

Nimesoma fomu zaidi ya mia mbili. Wana wa wafalme waliotupwa, wauaji wenye macho ya zambarau, mayatima wanaoongea na mbwa mwitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikilizisha kitunguu.

"Nisaidie niirekebishe," akasema. "Wewe ni mtu wa vitabu."

Ningesema ndimi niliyekukataa. Badala yake nikavuta kiti.

Saa yangu yote ya chakula cha mchana tulikaa pale, mkate wa nyama katikati yetu, tunajaribu kumpitisha mpishi kwenye tundu la sindano nililolitoboa mwenyewe.

"Wanataka historia ya maneno elfu mbili," nikasema. "Tuanze na utoto wake."

"Alipika."

"Ujana?"

"Alipika."

"Janga kubwa lililombadilisha maisha?"

Akafikiri. "Wali uliungua."

Tulicheka mpaka mzee aliyekuwa anasoma magazeti akatugeukia. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii ya farasi mweupe ni ya nini?"

"Sijui."

"Aliyeiandika anajua?"

"Nadhani hata yeye hajui."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye kioo. "Kambini tulikuwa na kanuni nne. Nawa mikono. Usiguse kisu cha mwenzio. Ukimaliza maji ya moto, chemsha mengine. Na ukimfokea mtu mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu. Kondoo laki mbili walikatwa manyoya kwa kanuni nne. Hawa wanahitaji sitini na nne kucheza?"

Akabonyeza kutuma. Nikarudi kaunta, masikio yanawaka.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilichukua zile kanuni sitini na nne nikazifuta. Kwanza moja moja, kwa huzuni. Baadaye kumi kumi, kwa raha. Nikabakiwa na nane, zikaenea ukurasa mmoja. Fomu iwe na maswali matano tu: mhusika ni nani, anataka nini, anaweza nini, hawezi nini, na tuonyeshe aya moja ya uandishi wako. Kila fomu isomwe na watu wawili. Jibu litoke ndani ya siku saba. Ukimkataa mtu, mwambie arekebishe nini, na utie sahihi jina lako halisi. Umri, kilema na farasi, shauri yake mwenyewe.

Ya nane ilikuwa: hakuna anayejiidhinisha, na daftari la idhini liwe wazi kwa wote.

Hiyo niliiandika, nikaifuta, nikaiandika. Mara ya tatu nikaituma kabla mkono haujabadili mawazo.

Jumapili saa tisa. Sauti zaidi ya thelathini ndani ya chumba kimoja kisichoonekana. Masina akasoma mapendekezo yangu. Watu wakashangilia. Mama mmoja wa Cairns akasema, "Mlinzi, umeugua?"

Halafu Desmond. Ana sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nakubaliana na Mlinzi wa Lango."

Makofi.

"Lakini kabla ya kura nina jambo. Jumanne imeingia fomu ya mpishi. Nimekagua ilikotoka. Imetoka kwenye anwani ileile ya mtandao anayotumia Mlinzi saa za mchana. Jamani, Mlinzi amejitengenezea mhusika wa pili kwa siri. Halafu anatuletea kanuni mpya zinazomfungulia huyo mhusika mlango."

Nilicheka. Kicheko cha mtu anayeteleza kwenye ngazi. Kosa alilitaja sawasawa, herufi kwa herufi. Mhusika tu ndiye aliyemkosea.

"Ni mtandao wa maktaba!" nikasema. "Mimi nafanya kazi hapo, yule anakuja kutumia kompyuta. Ni Bi Coral. Ni mtu kabisa, ana miaka sabini na mmoja!"

"Bila shaka," akasema Desmond. "Na jicho la kioo analo pia?"

"Goti. Goti jipya."

Watu wakaangua kicheko. Masina hakucheka.

"Janelle. Sikiliza. Nakuuliza mara moja tu. Una akaunti ya pili humu, au huna?"

Niliangalia dirishani. Jirani alikuwa anakata majani. Nikakumbuka mambo yote ninayojua kuyafanya vizuri, na kunyamaza lilikuwa la kwanza.

"Kama huna la kujibu," akasema Masina, "naifuta fomu ya mpishi, na anwani hiyo naifungia moja kwa moja. Hataingia mtu kutoka hapo tena."

Bi Coral hana kompyuta nyumbani. Ana redio na king'ora cha moshi.

"Ninayo," nikasema.

Nikasogeza kipaza sauti karibu.

"Ninayo akaunti ya pili. Lakini si mpishi. Ni Orlo."

"Orlo yupi?" akauliza mtu.

"Orlo kasisi?"

"Nimejichora tatuu ya Orlo begani!" akapiga kelele mama wa Cairns.

"Nilimwidhinisha mwenyewe kwa dakika nne, wakati nyie mnangoja miezi," nikasema haraka, kabla ujasiri haujaisha. "Nimewafokea watu hapa mbele ya wote, kwa hiyo naomba radhi mbele ya wote. Bi Coral hana kosa. Msimfungie."

Hapo nikamsikia Desmond. Sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imekwisha.

"Orlo ni wewe?"

"Ni mimi, Desmond. Nisamehe. Nilitaka kukwambia."

Nyuma yake, huko kwao Geelong, kitu kikaanguka kikavunjika. Kisha laini ikakatika.

Kura ikapigwa. Kanuni nane zikapita, ishirini na tisa kwa mbili. Mmoja wa wale wawili waliopinga nilikuwa mimi: kwa haraka nilibonyeza hapana badala ya ndiyo.

"Janelle," akasema Masina, "kuanzia sasa si msimamizi. Orlo anafungwa. Ukitaka kurudi, fomu ni ukurasa mmoja, kazi nzuri sana uliyoifanya. Utajaza, utapanga foleni kama watu."

"Sawa, dada."

"Na usinijibu kwa sauti ya kulia, nitashindwa kuwa mkali."

Kabla ya jioni, Masina na mama wa Cairns walikuwa wameisoma fomu ya mpishi na kuipitisha. Saa mbili tu zilitosha.

Nilimwandikia Desmond mara nne. Hakujibu.

Jumanne nikaamka nikiwa mwepesi na mtupu, kama nyumba iliyohamwa. Nikaenda kazini kwa miguu, kwenye mvua, si mnajua gari liko wapi. Bi Coral alikuwa ameshafika, mpishi wake ameshaanza kulisha kikosi kizima cha wapanda farasi.

"Bi Coral, nina jambo la kukwambia."

"Niambie huku nikiandika, maharage yako jikoni."

"Mlinzi wa Lango ni mimi."

Hakuacha kuandika. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile. Nilipokuuliza habari za farasi, ulinijibu kwa uchungu mno. Mtu haumii hivyo kwa farasi wa mwenzake."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa unanisaidia. Niharibu?" Akanitazama juu ya miwani. "Uliniudhi sana, usidhani hukuniudhi. Siku ile ya jibu lako sikupika. Kaniletee chai. Maziwa kidogo."

Nilikuwa natoka na kikombe jikoni kwetu mlango wa kioo ulipofunguka. Akaingia mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti la mvua la kijani, nywele zimelowa, uso wa mtu ambaye hakulala ila amejipaka rangi ya mdomo hata hivyo. Akasoma kitambulisho changu kifuani.

"Wewe ndiye Janelle."

"Ndiye mimi. Nikusaidie nini, mama?"

"Naitwa Glenys. Glenys Whitelaw. Nimetoka Geelong, nimeshuka kwenye feri alfajiri nikangoja mfungue."

Chai ikanimwagikia kidoleni.

"Whitelaw wa…"

"Desmond ni mume wangu."

Nikaweka kikombe juu ya vitabu vilivyorudishwa, jambo ambalo humfukuzisha mtu kazi hapa.

"Bi Glenys, nisikilize. Sikujua kama ana mke. Naapa. Zile zilikuwa barua za hadithi tu, mimi ni kasisi mlevi, yeye mjane wa nahodha, hatujawahi hata kuonana, hakuna chochote baina yangu na mume wa—"

"Nyamaza kwanza."

Nyuma yangu, Bi Coral aliacha kuandika.

"Desmond alimbuni yule mjane," akasema Glenys. "Akamchoka kabla hata Orlo wako hajaja. Akasema, chukua wewe, jifurahishe, mimi nina kazi za usimamizi. Hakumwandika tena. Hata mstari mmoja."

"Sasa zile barua…"

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote mia na kumi."

Nilitafuta kiti kwa mkono, nikakipata. Mwaka mzima na zaidi nimemjibu Desmond. Nimemkasirikia Desmond mchana, nikamhurumia jioni. Na wakati wote huo, upande wa pili, alikuwapo huyu, mwenye koti la kijani.

"Ulisema mwaka umekuwa mzito," nikasema. "Ulisema barua zinakutoa kitandani."

"Zilinitoa."

"Na yeye hakujua?"

"Hakuwahi kusoma hata moja. Hakuuliza. Tumekaa nyumba moja, meza moja. Mpaka Jumapili, niliposikia Orlo ni wewe nikaangusha sahani, ndipo akashtuka." Akafuta maji usoni kwa kiganja, sijui yalikuwa ya mvua au ya nini. "Jana asubuhi alijifungia chumbani akazisoma zote. Hakula. Saa kumi akatoka akakata tiketi ya feri."

"Akakukatia?"

"Tiketi ya gari na watu wawili."

Akageuka, nami nikageuka naye. Ng'ambo ya kioo, kwenye mvua, palikuwa na gari la buluu. Ndani yake mwanamume amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani, na injini imezimwa.

"Anasema haingii humu," akasema Glenys. "Anasema mmoja wetu atoke, amwambie jambo moja. Yale niliyoyaandika kwenye barua ya mwisho, kwamba taa ya dirishani inakungoja, na yale uliyonijibu, kwamba unaiona, kama yalikuwa ni hadithi au hayakuwa."

"Na utamwambia nini?"

Alivua koti taratibu, akalikunja mkononi kama mtu aliyefika mahali pa kukaa.

"Nimekuja kukuuliza wewe kwanza," akasema.